Rimu za Kung'aa au Tairi za Kufika?

WASWAHILI husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila nisimamapo kando ya Barabara ya Ngong jioni ya Ijumaa nikitazama magari yakipita. Utaona pikapu au gari kubwa la kupanda milima, lile ambalo injini yake huvuta kwa magurudumu yote manne. Limeinuliwa, limepigwa nta, vioo vyake ni vyeusi. Ukitazama chini, unaona rimu za inchi 20 au 22 zinazong'aa kama sinia la arusi, na mpira uliozizunguka ni mwembamba hata unadhani gari linatembea kwa chuma kitupu.

Gari hilo liliundwa lipite kwenye mawe, mchanga na matope. Mwenyewe amelivisha viatu vya kwendea arusini.

Simcheki mtu. Kila mtu na jasho lake, na pesa za kununulia rimu hazikutoka mfukoni mwangu. Lakini suala hili si la matajiri peke yao tena. Familia nyingi za mjini siku hizi zina pikapu, aghalabu ya mtumba. Katikati ya wiki hupeleka watoto shuleni, Jumamosi hubeba mbolea na lishe ya ng'ombe, na Desemba hubeba ukoo mzima kwenda mashambani. Siku ya kununua magurudumu ikifika, nyumba hugawanyika mara mbili: wanaotaka gari lipendeze na wanaotaka gari lifike. Hebu basi leo tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kwani lina uzito kuliko linavyoonekana.

Dada yangu na mumewe wanaishi hapa Nairobi, lakini wana shamba na mbuzi upande wa Kajiado, mbele ya Isinya, mwendo wa kilomita 14 kutoka kwenye lami. Anayeishi huko siku zote ni mama mkwe wa dada, bibi aliyepita miaka 70 na ambaye hataki hata kusikia habari za kuhamia mjini. Mwaka 2025 walinunua pikapu ya milango minne iliyotumika. Injini ilikuwa nzima na bodi ilikuwa nzima, ila tairi zilikuwa zimekwisha meno, laini kama kisogo cha mzee. Waliniomba niandamane nao kwenda kutafuta nyingine. Si kwamba mimi ni makanika, la hasha. Kazi hii ya uandishi imenipeleka Marsabit, Lodwar na Garissa, na nimeketi katika magari mengi yaliyokwama. Mtu aliyekwama mara nyingi hujifunza kuuliza maswali.

Wa nne wetu alikuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili. Yeye tayari alikuwa amekwisha kuchagua. Alikuwa na picha kwenye simu.

Tulikwenda Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Anayeifahamu Nairobi anajua kwamba hakuna kipuri kisichopatikana huko. Rimu zimetundikwa ukutani mpaka darini, nyeusi, za fedha, zenye miale kama jua. Tairi zimepangwa kando ya njia kama vinu. Mpwa wangu alisimama mbele ya rimu nne za inchi 20, nyeusi zenye ukingo uliong'arishwa, akanivuta mkono.

"Mjomba, tazama hizi. Ukiweka hizi, hakuna atakayejua gari ni la mtumba."

Mwenye duka alimuunga mkono papo hapo. Alisema ndizo zinazokwenda sana, na kwamba angetupa pamoja na tairi zake. Bei aliyotaja ilitosha karo ya muhula mzima. Dada alinitazama. Shemeji hakusema neno.

Kabla sijakueleza alichosema shemeji, ngoja kwanza tusome maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi, maana watu wengi hununua tairi kama wanunuavyo nyanya, kwa kuminyaminya. Tairi iliyokuja na pikapu ile ilikuwa imeandikwa 265/70R16. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, yaani sentimita 26 na nusu. Ya pili, 70, ni kimo cha ubavu wa mpira, asilimia 70 ya ule upana. Piga hesabu utapata karibu sentimita 18 na nusu. Herufi R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyosukwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa tazama zile ambazo mpwa wangu alizipenda: 265/50R20. Upana ni ule ule. Kimo cha gurudumu zima karibu kinalingana, sentimita 77 na kitu. Gari haliinuki hata kidogo. Kinachobadilika ni kwamba chuma kimeongezeka na mpira umepungua. Ubavu ulikuwa sentimita 18 na nusu, sasa ni 13 na robo. Sentimita 5 za mpira zimeondoka, na mahali pake pameingia madini yanayong'aa.

Utaniuliza, sentimita 5 ni kitu gani? Ni mto wa gari. Gari linapokanyaga jiwe, ubavu wa tairi hujikunja, hulimeza lile jiwe kisha huendelea. Ubavu ukiwa mfupi, jiwe hilo hilo hufika kwenye rimu, mpira ukabanwa kati ya mawe na chuma kama nguo iliyobanwa mlangoni, ukachanika. Na ubavu ukichanika hauzibiki. Fundi wa pancha anaweza kuziba msumari uliopita katikati ya meno, lakini ubavu uliokatika, tairi ni ya kutupa.

Kuna jambo la pili, nalo ni upepo. Ukimwambia fundi wa pancha "weka 30", unamaanisha pauni 30 kwa kila inchi ya mraba. Chukua gari la tani mbili. Kila gurudumu limebeba kilo 500, yaani takriban pauni 1,100. Gawanya kwa 30 utapata kama inchi 37 za mraba. Hiyo, kwa hesabu ya juujuu, ndiyo sehemu ya tairi inayogusa ardhi: inchi 6 kwa 6, ndogo kuliko daftari la mwanafunzi. Madaftari manne kama hayo ndiyo yanayoishikilia familia yako barabarani, mvua inyeshe au jua liwake.

Ukifika kwenye mchanga, madereva wa kaskazini watakuonyesha ujanja wao. Hupunguza upepo hadi 18 au hata 15. Tairi hulala, alama yake hurefuka hata kukaribia maradufu, na gari likapita juu ya mchanga badala ya kuzama. Wakirudi kwenye njia ngumu hujaza tena, kwa kuwa tairi yenye upepo mdogo ikiendeshwa kwa kasi hupata moto na kupasuka. Ujanja huu unataka ubavu mrefu. Tairi yenye ubavu mfupi haina mahali pa kulala. Ukiipunguzia upepo, unaiweka rimu chini.

Kama huniamini mimi, watazame wanaoishi kwa kushindana. Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953, zilirejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Magari yale ya mashindano ya dunia yanapokimbia kwenye lami huko Ulaya huvaa rimu za inchi 18. Yanapokuja kwenye mawe na vumbi huvaa rimu za inchi 15. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule. Linapoacha lami, rimu hupungua na mpira huongezeka. Na wale wa Rhino Charge, shindano lililoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kuzungushia ua misitu ya Aberdares, hutakiwa kupitia vituo 13 katika saa 10 kwa kufuata njia fupi kabisa, hata kama njia hiyo ni korongo. Huko hakuna anayehesabu miale ya rimu.

Sasa turudi Kirinyaga. Shemeji alikuwa angali ameishika ile rimu ya inchi 20, akiigeuzageuza. Akamwambia mwanawe polepole, "Unakumbuka usiku ule wa bibi yako?"

Mvua za mwaka 2024, msomaji, huna haja nikukumbushe. Kuanzia Machi hadi Mei nchi nzima ilikuwa maji. Usiku mmoja wa Aprili bibi alibanwa na kifua, akawa hawezi kulala wala kuketi. Familia ilikuwa haijapata gari. Wakampigia simu jirani mmoja mwenye gari kubwa zuri ajabu, naye, Mungu ambariki, aliamka na kuja bila kuuliza pesa ya mafuta. Gari lilikuwa na rimu za inchi 22 na tairi za lami.

Walikwenda vizuri kilomita chache. Kwenye korongo moja lililochimbwa na maji, gurudumu la mbele likaangukia jiwe. Ubavu ukakatika, na ukingo wa rimu ukapasuka. Wakafunga tairi ya akiba. Ilikuwa ile ndogo iliyokuja na gari kutoka kiwandani, kimo chake hakikulingana na zile nyingine, kwa hiyo gari likawa limeinama upande mmoja. Halafu wakaingia kwenye udongo mweusi. Anayetoka Isinya au Kitengela anaujua udongo huo. Kiangazi una nyufa zinazomeza mguu, na mvua ikinyesha hugeuka kuwa gundi. Vijifereji vya tairi za lami vilijaa mara moja, tairi zikawa nyororo kama chapati, na gari likateleza taratibu hadi mtaroni.

Bibi alifikishwa kwenye lami kwa mkokoteni wa punda unaobeba mitungi ya maji. Tairi za mkokoteni ule zilikuwa kuukuu, zilizotolewa kwenye gari dogo. Dada alikuwa hapa Nairobi ameketi na simu mkononi tangu saa tano za usiku, na simu ya kwamba wamefika hospitali ilikuja alfajiri. Bibi alipona. Lakini daktari aliwauliza kwa nini walikawia hivyo, na mpaka leo shemeji hajapata jibu linalomridhisha.

Ndiyo sababu walinunua pikapu. Na ndiyo sababu dukani pale mpwa wangu aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, baba." Hata hivyo, macho yake hayakubanduka kwenye zile rimu, na simlaumu.

Simlaumu kwa sababu uzuri nao una haki yake. Mtu anayekuja kukodi pikapu yako kubebea vitu vya arusi huitazama kwanza kwa macho. Kijana anayeendesha gari la babake mbele ya wenzake ana heshima yake anayoitetea. Na tuseme kweli, rimu kubwa zina faida yake mahali pake. Kwenye lami nzuri, tairi ya ubavu mfupi haiyumbi kwenye kona, na gari hufuata usukani upesi. Ikiwa wewe ni mkazi wa South C, na safari yako ndefu kabisa ni ya Mombasa kwa barabara kuu, basi weka rimu zako za 20 na ufurahi, mradi tu zilingane na gari. Kosa ni kununua uzuri wa mahali pamoja na kuupeleka mahali pengine.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo husifiwa sana. Ni lile la kudhani kwamba kadiri tairi inavyokuwa kubwa na yenye meno makali ndivyo inavyofaa. Tulipozikataa rimu za inchi 20, mwenye duka hakukata tamaa. Alituletea tairi za 285/75R16 zenye meno kama ya mamba. Hizo zilimwamsha hata shemeji. Ni kweli zilikuwa za kutisha. Lakini kimo chake kimezidi zile za asili kwa takriban asilimia 7. Maana yake, mshale wa mwendo ukisema 80, wewe uko karibu na 86, na polisi hatakusikiliza ukimweleza habari za kipenyo. Gurudumu kubwa hivyo ni zito, injini hulisukuma kwa shida, breki hulisimamisha kwa shida, na mafuta huliwa. Ukikata kona kabisa huenda likasugua madigadi.

Meno nayo yana lugha yake. Tairi iliyoandikwa M/T ni ya matope. Meno yake ni makubwa na yameachana ili matope yatoke. Ubaya wake ni kwamba kwenye lami huvuma kama nyuki na huisha upesi, na kwenye lami yenye maji haishiki sawasawa unapokanyaga breki ghafla. Iliyoandikwa H/T ni ya barabara kuu. Kati yake kuna A/T, ya njia zote, ambayo si bingwa wa matope wala si bingwa wa lami, ila hukufikisha kote kuwili. Mwenye kuishi Nairobi na kwenda mashambani kila wiki mbili, kama dada na shemeji, kilomita zake nyingi ni za lami. Ajiulize: nitatumia saa ngapi kwenye matope, na saa ngapi nikiwa na watoto kwenye barabara yenye mvua na malori?

Upana nao haufai kila mahali. Tairi pana ni nzuri kwenye mchanga, kwa kuwa huelea. Kwenye matope membamba yenye ardhi ngumu chini yake, tairi nyembamba hukata matope ikafika pale pagumu. Zile pikapu za Land Cruiser zilizozoeleka kaskazini mwa nchi zilitembea miaka mingi kwa tairi za 7.50R16, upana wa inchi saba na nusu tu, kwenye rimu za chuma zisizo na pambo lolote.

Hapo tumefika kwenye chuma na aloi. Rimu ya aloi ni nyepesi kwa kawaida, inapendeza, na haishiki kutu kama chuma. Lakini ile iliyomiminwa kwenye kalibu ikigongwa sana hupasuka. Rimu ya chuma ikigongwa hupinda. Tofauti hii unaweza kuidharau ukiwa mjini, lakini ukiwa kilomita 100 kutoka kwa fundi, rimu iliyopinda inaweza kunyooshwa kwa nyundo ikakufikisha, na iliyopasuka haishiki upepo. Tena usikubali fundi akuchomelee rimu ya aloi iliyopasuka ili uokoe pesa. Joto la kuchomelea hudhoofisha madini, na ufa ule utarudi siku usiyoitarajia.

Ukipenda rimu yoyote, ya chuma au ya aloi, usitazame sura tu, hesabu matundu. Hilux nyingi za kuvuta kwa magurudumu manne zina nati 6 kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser za mfululizo wa 200 zina nati 5 kwenye duara la milimita 150. Tundu la katikati lazima liivae hapu barabara. Nati za rimu za aloi aghalabu si sawa na za rimu za chuma, kwani nyingine zina uso bapa na nyingine zina ncha iliyochongoka. Ukizichanganya, gurudumu litalegea. Na ukiona rimu inayotokeza nje ya madigadi, gari likaonekana limetanua miguu kama mpiga mieleka, ujue uzito umesogezwa mbali na bering, nazo bering zitalalamika mapema. Kaza nati kwa kuvukana, si kwa kuzunguka mfululizo, kisha uzikague tena baada ya kilomita 50 hivi.

Sisi tulinunua nini? Tulirudi kwenye kipimo kile kile cha 265/70R16, tairi za A/T. Tulitazama nambari inayofuata kipimo, kwa sababu pikapu hubeba mizigo: 112 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 1,120, ilhali 104 ni kilo 900 tu. Tairi mbili zinaweza kufanana kwa sura, moja ikawa ni ya kubeba magunia na nyingine si ya kubeba magunia. Kisha tukapiga magoti kutafuta umri. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3521, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa dukani, na watengenezaji wengi hushauri tairi isipite miaka 10 hata kama meno yake yangali mazima. Tairi ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa imelala dukani miaka sita. Tuliirudisha, tukaletewa nyingine bila ugomvi. Tairi za mtumba zilikuwapo pia, nusu ya bei, lakini huwezi kujua ubavu wake ulikwisha kugongwa mara ngapi huko ulikotoka.

Tulinunua tano, si nne. Dada ndiye aliyeshikilia hilo. Mwenye duka alidhani anatania, kwa vile wengi hununua nne na kuiacha ya tano ioze chini ya gari. Lakini yeye alikumbuka lile gari lililoinama upande mmoja usiku ule wa Aprili. Rimu tukabaki na zile za chuma zilizokuja na gari, tukaongeza moja, kwa hiyo pesa zilizobaki zikanunua pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, kamba ya kuvutia na jeki ya maana.

Na uzuri? Mpwa wangu alizichukua zile rimu tano, akazipeleka kwa mafundi wa jua kali, wakazisugua kutu, wakazipiga rangi nyeusi isiyong'aa, na nati wakazipaka rangi ya fedha. Gharama yake haikufika hata robo ya bei ya rimu moja ya inchi 20. Siku gari lilipokuja kwangu nililizunguka mara mbili. Lilipendeza, wallahi. Lilionekana kama gari linalojua linakokwenda.

Basi msomaji, siku yako ikifika, usianzie ukutani kwa rimu zilizotundikwa. Anzia kwenye ramani ya maisha yako. Kaa na wenzako nyumbani mjiulize: gari hili hupita wapi, hubeba nini, na usiku wa shida litaitwa na nani? Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwani wengi wa watengenezaji huandika hapo kipimo cha tairi na upepo unaofaa. Ukishajua kipimo, ukishajua uzito, ukishajua aina ya meno, ndipo umkaribishe kijana wa nyumbani achague sura na rangi miongoni mwa zile zinazofaa. Usimnyime nafasi hiyo. Naye akipewa sehemu yake katika uamuzi, atakuwa wa kwanza kupima upepo kila Jumamosi asubuhi.

Na pale utakapomwona mtu amepita na rimu za inchi 22 zinazong'aa, msifu, maana zinapendeza kweli. Kisha umuulize kwa upole tairi yake ya akiba ni ya kipimo gani.